Vihisi vya Upepo wa Matairi: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kupiga Jeki

Katika nchi zenye majira ya baridi kali, gereji za matairi hufurika mara mbili kwa mwaka: baridi inapokaribia, magari yakivalishwa matairi ya theluji, na joto linaporejea, yakirudishiwa matairi ya kiangazi. Mwanagenzi anayeanza kazi katika vipindi hivyo hujifunza haraka kulegeza nati, kutoa magurudumu, kufunga mengine na kukaza kwa mpangilio. Kinachochelewa kueleweka ni kifaa kidogo kilichofichwa ndani ya rimu, ambacho hupima upepo wa tairi na kuliarifu gari kwa mawimbi ya redio. Jambo ambalo ningependa kila anayeingia katika kazi hii alishike mapema ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya vihisi hufanyika gari likiwa bado limesimama juu ya magurudumu yake, kabla jeki haijaguswa.

Kwanza tambua mfumo uliopo. Katika mfumo wa moja kwa moja, kila gurudumu lina kihisi chake, na kila kihisi kina betri yake na namba yake ya utambulisho isiyofanana na ya kingine. Gari husikiliza namba zile tu lilizofundishwa. Katika mfumo usio wa moja kwa moja hakuna kitu ndani ya tairi: kompyuta hutumia vipima mwendo vya breki za ABS (zile zinazozuia magurudumu yasijifunge), kwa kuwa tairi lililopungua upepo huwa na kimo kidogo zaidi na hivyo huzunguka haraka kuliko wenzake. Usiamue kwa kutazama valvu peke yake. Valvu ya chuma huashiria kihisi, lakini vipo vihisi vingi vilivyofungwa kwenye valvu za mpira zinazofanana kabisa na za kawaida, na fundi anayezikata bila kuuliza huharibu mali ya mteja. Dashibodi ikionyesha kipimo cha kila tairi kwa tarakimu, kwa kawaida huo ni mfumo wa moja kwa moja; isipoonyesha, kitabu cha gari au kifaa cha kusomea vihisi kitakupa jibu.

Kisha washa swichi na uitazame taa ya onyo kwa utulivu. Ikiwaka na kubaki imetulia, kuna tairi lililopungukiwa upepo. Ikimetameta kwa muda wa dakika moja au moja na nusu ndipo itulie, basi mfumo wenyewe una hitilafu: huenda betri ya kihisi imekwisha, kihisi kimevunjika, au gari linatafuta namba ambayo haipo tena karibu nalo. Tofauti hiyo huonekana mara moja tu baada ya kuwasha, na ukigeuka kutafuta spana wakati huo umeikosa. Mwite mwenye gari aione pamoja nawe, kwa sababu hitilafu iliyokuwapo kabla ya kazi yako, ikigunduliwa baada yake, itahesabiwa kuwa ni yako.

Baada ya hapo pitisha kifaa cha kusomea kwenye kila gurudumu, uandike namba ya kihisi, kipimo cha upepo, na hali ya betri pale kihisi kinapoitoa. Fanya hivyo pia kwa magurudumu yanayosubiri kufungwa, yangali sakafuni. Betri hizi zimefungiwa ndani ya kihisi na kwa kawaida hazibadilishwi. Hudumu takribani miaka 5 hadi 10. Vihisi vilivyokuja na gari kwa pamoja huzeeka pamoja, kwa hiyo kimoja kikifa katika mwaka wa nane, ni uungwana kumweleza mteja kwamba vitatu vilivyobaki haviko mbali, hasa kama matairi yanavuliwa kwenye rimu siku hiyo hiyo na hakutakuwa na gharama ya kuyavua mara ya pili.

Mwenye seti mbili za rimu ana njia tatu. Anaweza kununua vihisi vya seti ya pili vyenye namba zao wenyewe, kisha gari likafundishwa upya kila msimu. Baadhi ya magari huweza kuhifadhi namba za seti mbili kwa pamoja, na hapo kazi huwa nyepesi sana. Anaweza kutumia vihisi vinavyoandikika, vikanakiliwa namba za vile vya zamani, ili gari lisitambue kwamba magurudumu yamebadilika. Njia ya tatu ni kufunga rimu zisizo na vihisi na kuiacha taa iwake msimu mzima, na hiyo siipendekezi kabisa. Marekani imeyalazimu magari madogo mapya yote kuwa na mfumo huu tangu Septemba 2007, na Umoja wa Ulaya umefanya vivyo hivyo kwa magari mapya ya abiria tangu Novemba 2014. Nchini Uingereza, gari lililoanza kutumika tangu Januari 2012 hufeli ukaguzi wa mwaka mfumo huu ukiwa na hitilafu. Lakini hata pasipo sheria, dereva aliyezoea kuiona taa ile ikiwaka kila siku hatakuwa na namna ya kujua siku ambayo msumari umeingia kwenye tairi.

Unapoagiza vihisi, hakikisha masafa ya redio. Magari ya soko la Amerika Kaskazini hutumia zaidi megahezi 315, na yale ya Ulaya hutumia 433. Kihisi cha masafa yasiyo sahihi huingia kwenye rimu bila shida, hukubali upepo bila kuvuja, na kifaa chako hukisoma vizuri, ila gari halikisikii kamwe.

Namna ya kulifundisha gari hutofautiana. Baadhi hujifunza yenyewe yakiendeshwa kwa dakika kadhaa, na mengine huwekwa katika hali ya kujifunza, kisha fundi huzunguka na kifaa akiamsha kihisi kimoja baada ya kingine, mara nyingi akianzia mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kulia na kumalizia nyuma kushoto. Mengine hayajifunzi mpaka namba ziandikwe kwenye kompyuta kupitia tundu la uchunguzi lililo chini ya usukani. Kwa hiyo usimwambie mteja kwamba taa itazimika yenyewe njiani kama hujui gari lake liko kundi gani. Na gari likiwa katika hali ya kujifunza, sogeza mbali magurudumu uliyoyatoa na usiruhusu mtu ajaze au kutoa upepo kwenye gari la jirani, kwani kuna vihisi vinavyoamshwa na badiliko la upepo, na gari huweza kuishika namba ya kile kilichowahi kujibu.

Sasa valvu, mahali ambapo mikono yenye haraka hugharimu zaidi. Katika vihisi vingi vya valvu ya chuma, valvu ni ya aluminiamu, na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu huila. Ukikuta unga mweupe kuzunguka nati au chini ya kifuniko, simama. Kifuniko cha chuma kilichogandia hapo, ukikizungusha kwa koleo, huondoka na shingo ya valvu, na tairi huisha upepo palepale. Weka mafuta ya kulegeza, subiri, kisha jaribu kwa vidole huku ukiishikilia valvu isipinde. Rudisha vifuniko vya plastiki vyenye mpira ndani, si vya chuma. Kiini cha valvu, yaani kile kipande kidogo cha ndani kinachozuia upepo usitoke, kiwe kile kilichopakwa nikeli. Cha shaba nyeupe ya kawaida kikikaa ndani ya aluminiamu yenye unyevu huliwa mpaka kikakataa kutoka. Kila tairi linapovuliwa kwenye rimu, badilisha kiini, mpira wa kuzibia, nati na kifuniko, kwa kuwa mpira uliokwisha kubanwa hauzibi tena kwa uhakika. Nati yenyewe ikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyotajwa na mtengenezaji, ambayo ni ndogo kuliko mkono unavyodhani; ikizidishwa, valvu hupata ufa usioonekana kwa macho. Unapoachanisha tairi na rimu kwa mashine, anzia upande ulio mbali na valvu, kwani sahani ya mashine ikigonga pale, kihisi hupasuka ndani na hutajua mpaka gari litakapotoka.

Suala la upepo na baridi linastahili hesabu, maana ndilo linalorudisha wateja wengi. Chukua tairi lililojazwa bar 2.3 (bar ni kizio cha kupimia upepo) ndani ya gereji yenye joto la nyuzi 20. Usiku gari likilala nje kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, kipimo cha asubuhi kitakuwa karibu bar 1.96, ingawa hakuna hata punje ya hewa iliyovuja. Hilo ni punguzo la takribani asilimia 15. Kanuni za Ulaya zinataka onyo litolewe upungufu unapofikia asilimia 20, na za Marekani asilimia 25, kwa hiyo tairi lililojazwa pungufu kidogo tu gerejini litaiwasha taa asubuhi ya kwanza yenye barafu. Kwa kipimo cha karibu, hesabu bar 0.1 kwa kila nyuzi 10 za tofauti, na uongeze kiasi hicho unapojaza ndani ya jengo lenye joto.

Kwa mfumo usio wa moja kwa moja, hakuna namba ya kuandika, lakini kuna kosa moja baya: kubonyeza kitufe cha kuanzisha upya kabla ya kusawazisha upepo. Kompyuta huichukua hali iliyopo wakati huo kuwa ndiyo sahihi, hivyo ukiianzisha tairi moja likiwa limepungua, umeifundisha kunyamaza. Pima matairi yakiwa baridi, jaza kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, ndipo ubonyeze.

Magurudumu yanayokwenda stoo yaandike kwa chaki mahali yalipotoka, na nakala ya namba za vihisi ibaki kwenye kadi ya kazi pamoja na tarehe, vipimo vya upepo na joto la gerejini ulipojaza. Mteja akirudi kesho yake na taa inayowaka, isome kadi hiyo kwanza, upime matairi yote manne kabla injini haijapashwa moto kwa safari nyingine, kisha ndipo ukichukue kifaa cha kusomea. Upepo ukiwa sawa na taa ikimetameta, linganisha namba zinazojibu na zile ulizoziandika, na ile isiyojibu ndiyo itakayokuelekeza kwenye gurudumu la kufungua.