Ukuta wa mita 6: maji umeyasahau

Ndugu, umeuliza kama kitako (msingi mpana ulio chini ya ukuta) chenye upana wa mita 2 kinatosha ukuta wa zege wa kimo cha mita 6 unaozuia udongo. Mimi ningesita. Kimo kikiongezeka mara mbili, msukumo wa udongo huwa mara nne, na nguvu ya kuupindua ukuta mara nane. Anza na kitako cha mita 3 hadi 4, kisha kagua kuteleza: nguvu inayozuia ukuta usiteleze iwe angalau mara 1.5 ya msukumo. Kagua pia kama udongo chini ya ncha ya mbele ya kitako unahimili uzito, na mteremko mzima usiporomoke na ukuta wako.

Ila maji hujayataja kabisa! Yakinaswa nyuma ya ukuta, hesabu zote zinavurugika. Jaza kokoto, toboa matundu ya kutolea maji. Na kwa kimo hicho, usimwage zege kabla mhandisi hajapima udongo na kupitia michoro.