Mwanangu Yuko Manowarini: Kimya Hiki Nikielewe Vipi?

Katika toleo hili tumechagua barua tatu za wasomaji ambao watoto wao wanatumikia jeshi la wanamaji ng'ambo.

SWALI: Ndugu Mshauri, pokea salamu zangu. Ninaishi Likoni, si mbali na Mtongwe, na nina mtoto mmoja wa kiume mwenye umri wa miaka 25. Alikwenda Marekani kwa bahati nasibu ya viza, akafikia kwa mdogo wangu aliyeko Texas, na baada ya mwaka mmoja akajiunga na jeshi la wanamaji la nchi hiyo. Sasa yumo katika manowari ambayo bandari yake ni Yokosuka, Japani. Alikuwa akinipigia simu kila Jumapili, lakini hii ni wiki ya tatu sijamsikia, na kila ninachomwandikia kwa WhatsApp kinabaki na alama moja tu. Mara ya mwisho tuliachana vibaya. Nilikuwa nimeweka picha yake ya sare kwenye kundi la ukoo, nikataja jina la meli na siku aliyoniambia kwamba wataondoka. Akaniamuru nifute saa ileile, kwa sauti ambayo hajapata kunisemesha. Nilifuta, ila moyo uliniuma. Sasa nyanya yake, mama yangu mzazi, aliyemlea kuanzia miaka 2 hadi 14 nilipokuwa nikifanya kazi Uarabuni, amelazwa na hali yake si nzuri. Nimemwandikia mwanangu "piga simu haraka" mara nne. Je, bado amenikasirikia? Na nitampataje? — Mama wa Baharia, Likoni

JIBU: Mama, pole kwa kuuguliwa. Hasira tuiondoe kwanza. Aliyekasirika hufikiwa na ujumbe, akausoma, akanyamaza. Alama moja maana yake ni kwamba ujumbe haujaingia kabisa katika simu yake. Manowari ikishaliacha gati na kuingia bahari kuu, simu ya mkononi haina mnara wa kuushika. Mawasiliano yote hupita kwa setilaiti, nayo kazi za meli ndizo zinazotangulia. Kinachosalia hugawanywa kwa mabaharia, ambao katika meli ya kubeba ndege za kivita wanakaribia 5,000 pamoja na marubani na mafundi wao, na katika manowari za kawaida huwa 300 hivi. Meli kadhaa zimeanza kuwekewa intaneti yenye nguvu zaidi, lakini hata hiyo kamanda anaweza kuifunga wakati wowote.

Kufungwa huko mabaharia wa Marekani hukuita River City. Kamanda hukata au hupunguza simu, barua pepe na mitandao ya kijamii, ama kwa sababu meli inafanya shughuli isiyotakiwa kujulikana, ama kwa sababu kuna mtu aliyepatwa na ajali melini na jamaa zake wanapaswa kuarifiwa rasmi kabla ya uvumi kuwafikia. Sababu hii ya pili sikufichi, kwa kuwa utakuja kuisikia kwa jirani ikiwa imetiwa chumvi. Itazame vizuri, hata hivyo: mkato huo huwapata wote waliomo melini kwa pamoja, na habari nzito hupelekwa rasmi kwa jamaa ambao baharia mwenyewe aliwaandikisha. Kimya cha wiki tatu hakikuambii lolote juu yake, ila kwamba yuko baharini.

Sasa tuje kwa nyanya, maana hili halingoji meli irudi. Yako maneno matatu ambayo ningependa mzazi wa baharia asiyaandike kamwe, nayo ni hayo uliyoyaandika mara nne. Fikiria mwanao akiyapata siku ya kumi, usiku, mahali ambapo hawezi kupiga simu: atajua kuna jambo, hatajua ni nini, na atakwenda zamu nalo kichwani. Mweleze habari nzima: nani anaumwa, tangu lini, yuko hospitali gani, daktari amesema nini, na nani analala naye wodini. Habari kamili, hata ikiwa mbaya, humwezesha kwenda kwa mkuu wake na kueleza shida yake.

Wala usitegemee ujumbe wako peke yake. Kwa wanajeshi wa Marekani dharura ya familia huwa na njia yake, nayo ni Msalaba Mwekundu wa Marekani, ambao hupokea taarifa usiku na mchana, bila malipo, kwa simu au kupitia tovuti yao. Wao huthibitisha habari kwa hospitali au daktari, kisha huifikisha kwa wakuu wa meli, hata ikiwa katikati ya bahari. Watakuuliza jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa, cheo, jina la meli na anwani yake, na namba ya utambulisho ikiwa unaijua. Jina ni lile lililomo katika karatasi za kazi. Nyumbani mnamwita jina la babu yake, lakini kule huenda hakuna anayelijua. Watahitaji pia jina la daktari na namba ya simu ambayo kuna mtu wa kuipokea, kwa hiyo nenda wodini leo ukaombe namba hiyo na kuwaeleza wauguzi kwamba simu kutoka ng'ambo inaweza kuingia. Mdogo wako wa Texas anaweza kuwasilisha taarifa kwa niaba yenu, na pengine ndiye mwenye karatasi alizoacha kijana.

Msalaba Mwekundu hautoi likizo. Unathibitisha tu, na mwenye kuamua ni kamanda. Hapa pana tofauti kati ya kwetu na kwao ambayo ni lazima muijue mapema. Likizo ya dharura imejengwa juu ya mume au mke, watoto, wazazi, na ndugu wa kuzaliwa. Sisi tuna mama mdogo ambaye ni mama, baba mkubwa ambaye ni baba, na nyanya ambaye kwa watoto wengi ndiye aliyewafunza hata kufunga vifungo vya shati. Katika hesabu yao hawa wote ni jamaa wa mbali. Lakini wanatambua mtu aliyemlea mtoto mahali pa mzazi. Basi usiishie kusema "nyanya yake anaumwa". Sema kwamba huyu ndiye aliyemlea kama mzazi kwa miaka 12, wakati mama mzazi akiwa kazini nchi nyingine, na utaje miaka yenyewe. Nimeona maombi yakikataliwa kwa kuwa sentensi hiyo moja haikusemwa.

Kuhusu ile picha, mwanao hakukosea katika aliloomba, ingawa sauti angeweza kuichagua vizuri zaidi. Mabaharia hukatazwa kutangaza siku ya kuondoka, siku ya kufika na njia watakayopita, na agizo hilo huwahusu jamaa zao pia, kwa kuwa mtu anayefuatilia meli hahitaji siri kubwa. Hukusanya vipande vidogo kutoka kwa mama huyu na mke yule hadi picha nzima ikatimia. Kundi la ukoo lina watu wangapi, na umekutana ana kwa ana na wangapi kati yao? Wewe unayeishi karibu na kituo cha wanamaji wetu unajua kwamba akina mama wenye vijana Mtongwe hawatangazi sokoni siku ya manowari kung'oa nanga. Picha yake ya sare si kosa. Kosa ni tarehe na jina la meli. Nadhani kijana alipoiona alishtuka, na mtoto aliyeshtuka kwa ajili ya kazi yake huweza kusahau kwamba anasema na mama yake. Mwache aombe radhi akifika bandarini. Wewe, usimngoje ili uanze kumwandikia.

Nawe mwandikie bila kungoja jibu. Wazee wetu wa pwani waliokuwa na watoto Maskati na Dubai walizoea kurekodi kaseti, wakaikabidhi kwa msafiri, kisha wakaanza kurekodi nyingine kabla ya ile ya kwanza kujibiwa. Sisi tuliozoea simu tumepoteza uvumilivu ule. Tukikosa jibu kwa saa moja tunadhani tumetupwa. Omba anwani yake ya barua pepe ya melini, umwandikie maneno matupu bila picha wala video, kwa sababu njia ile nyembamba hupitisha maandishi kwa urahisi na kukwama kwenye mengine. Kila barua ipe namba, maana zinaweza kufika tatu kwa pamoja, ya mwisho ikiwa juu. Sauti yako irekodi kwa WhatsApp kama kawaida. Itaingia siku atakapopata mtandao, mradi zisiwe zimepita siku 30 tangu uitume, naye atakuwa na saa nzima ya kukusikiliza.

Mwandikie nini? Usimuulize yuko wapi wala anakwenda wapi, kwa sababu ama atakudanganya ama atanyamaza, na yote mawili yatakuumiza. Muulize anakula na nani, analala kitanda cha juu au cha chini, ni kazi gani inayomchosha zaidi. Mweleze bei ya changu, mzozo wa mpaka na jirani, mtoto wa dada yake aliyeota meno. Wazazi wengi huona aibu kumwandikia mtu aliye katika manowari mambo madogo kama hayo, kumbe hayo ndiyo anayoyakosa kule.

Akirudi bandarini, kumbuka kwamba Japani iko mbele yetu kwa saa sita. Ukimpigia baada ya Magharibi, kwake ni usiku wa manane. Saa saba mchana ya Jumapili kwako ni saa moja usiku kwake, nao ni wakati mzuri. Katika simu hiyo mwombe mambo mawili. La kwanza, ahakikishe kwamba jina lako na namba yako, yenye 254 mbele, vimo katika rekodi yake ya taarifa za dharura. La pili, akuandikishe kwa ombudsmani wa meli. Huyu ni mtu wa kujitolea, mara nyingi mke au mume wa baharia, ambaye kamanda humteua awe kiungo na familia. Nafasi hiyo ilianzishwa mwaka 1970, chini ya Amirali Elmo Zumwalt, mkuu wa jeshi la wanamaji la Marekani wakati huo. Hatakueleza siri za safari, lakini taarifa zinazoruhusiwa kwa familia zitakufikia na wewe, usiwe wa kuzisikia kwa watu.

SWALI: Mtu aliyejitambulisha kama mkuu wa binti yangu ameniandikia kwamba binti amepewa likizo, lakini inatakiwa ada ya dola 600 ili aruhusiwe kushuka melini. Picha ni yake kweli. Nitume? — Baba, Tanga

JIBU: Usitume hata senti. Jeshi halimtozi mzazi ada ya likizo, wala ya chakula, wala ya kumwezesha baharia kupiga simu. Picha imechukuliwa katika ukurasa wake au wako. Usimjibu mtu huyo, hata kwa kumtukana. Hifadhi ujumbe, mzuie, na umweleze binti yako, kwa kuwa wakuu wake wa kweli wanapaswa kujua jina linalotumiwa. Halafu mkubaliane neno moja la nyumbani, jina la mbuzi wenu wa zamani kwa mfano, ambalo yeyote anayedai kuzungumza kwa niaba yake lazima alitaje.

SWALI: Nataka kumpelekea mtoto wa kaka yangu halua na udi. Manowari yake huwa Japani. Niandike anwani gani? — Shangazi, Zanzibar

JIBU: Usiandike Japani popote, Shangazi. Meli za kivita za Marekani zina posta zake tangu 1908, na barua zake hupita katika mfumo wa posta ya Marekani. Andika jina lake, jina la meli, kisha FPO AP na namba ya posta ya meli hiyo, na mwisho USA. FPO ni posta ya meli za kivita, na herufi AP ni za Pasifiki. Angekuwa upande wa Ulaya, Afrika au Mashariki ya Kati zingekuwa AE. Anwani haibadiliki meli inapohama, kwa kuwa posta ndiyo inayoifuata. Kampuni binafsi za vifurushi hazifikishi kwenye anwani hizo, kwa hiyo nenda posta, au mpe jamaa anayesafiri kwenda Marekani akakitume kutoka huko, ambako hulipiwa kwa bei ya ndani ya nchi na kujaziwa fomu ya forodha.

Halua ifunge mara mbili, maana samli hupenya karatasi, na safari inaweza kuchukua wiki kadhaa. Udi uache: melini hakuna ruhusa ya kuwasha makaa.