Unaenda kurekodi Sauti za Busara? Zima hiyo auto kwanza

Mkuu, umeuliza mambo mengi kuhusu kurekodi kwenye tamasha hilo la muziki la Zanzibar: maiki ipi, usimame wapi, memori kadi ya ukubwa gani, ruhusa, na namna ya kuhariri ukirudi. Mimi nimekwama kwenye sentensi moja uliyoipitia haraka, kwamba muuzaji amekwambia uweke kinasa sauti kwenye auto, yaani kijipangie chenyewe kiwango cha sauti inayoingia, ubonyeze rekodi, halafu ufurahie muziki.

Usifanye hivyo. Nakuomba kabisa.

Ushauri huohuo nilipewa na mimi, dukani, na mtu aliyekuwa anaongea kwa uhakika wote. "Kinajirekebisha chenyewe, wewe usiguse kitu." Nikaamini. Nikaenda nacho Ngome Kongwe, pale tamasha linapofanyika, mwezi wa Februari, usiku wa taarab asilia. Katika kikundi kile kulikuwa na mzee wa ganuni, ala ile ya nyuzi nyingi, ambaye nilimfuata kwa makusudi, kwa sababu mikanda yake ilikuwa haipatikani popote. Leo hayupo duniani, na nilichonacho ni faili lisilosikilizika.

Nikueleze kilichotokea ndani ya faili lile, maana hapo ndipo penye somo. Mzee alianza peke yake, taksimu (utangulizi wa kubuni papo hapo) taratibu, uwanja umenyamaza. Kinasa kikaona sauti ni ndogo, kikapandisha kiwango. Hakijui ganuni ni nini, kinajua kubwa na ndogo tu. Kwa hiyo kikanasa viti vinavyoburutwa, watu wawili nyuma yangu wanaojadili nauli ya boti, na upepo wa kaskazi unaopita juu ya maiki, vyote kwa ukubwa uleule wa nyuzi za ganuni. Halafu dumbaki na besi zikaingia kwa pamoja. Pigo la kwanza likapasuka, kwa sababu kiwango kilikuwa bado kiko juu. Kinasa kikashtuka, kikashusha kila kitu, na sauti ya mwimbaji ikazama pamoja na ngoma. Ngoma ikinyamaza, mwimbaji anarudi juu pamoja na kelele za watu. Ngoma ikipiga, anazama tena. Wimbo mzima unapanda na kushuka hivyo hadi kichwa kinauma. Fidla husikii, nai husikii.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu hakuna muuzaji atakayekwambia. Taa nyekundu, ile ya kuonya kwamba sauti imezidi, haikuwaka karibu usiku wote. Nilikuwa naangalia kioo kila baada ya muda, mstari unacheza vizuri, nikajua kazi inakwenda. Auto inaficha kosa. Kazi yake ni kuhakikisha mstari haufiki juu, na inafanikiwa, hata kama sauti imeshaharibika njiani kabla ya kufika kwenye mstari. Maiki ndogo, au tundu la kinasa inapochomekwa, likizidiwa na besi, kinachoingia ndani tayari kimepasuka. Auto inakipunguza tu, na wewe unaona kiwango kizuri cha sauti mbovu.

Na usidanganyike kwamba utaitengeneza baadaye. Nilimpelekea fundi wa studio moja, akaniambia hilo ni jambo dogo, ana programu, nilipe nusu kwanza. Nililipa yote. Akanirudishia kitu kinachosikika kana kwamba kikundi kilipiga kikiwa chini ya maji. Hasira niliyokuwa nayo siku ile bado ninayo. Angeniambia ukweli tu: kilele kilichokatwa kimekatwa. Programu inaweza kukisia umbo la wimbi lililopotea pale palipokatwa kidogo, lakini haiwezi kujua kinasa kilipandisha na kushusha kiwango mara ngapi na kwa kiasi gani, kwa sababu hayo hayakuandikwa popote kwenye faili. Mtu anayechukua hela za watu kwa kazi asiyoiweza anawaibia mara mbili, maana anawauzia na matumaini.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na wakubwa wa kurekodi watanisahihisha kama nimekosea: zima auto, weka kiwango kwa mkono, acha nafasi juu, halafu usiguse tena. Nafasi kiasi gani? Vilele vya sehemu yenye kelele kuliko zote visipite hasi 12 kwenye kioo cha desibeli. Sifuri ndiyo dari, hakuna kitu juu yake. Na kipimo usikichukue wakati wa kujaribu mitambo mchana. Mchana uwanja mtupu, wanamuziki wamepoa. Usiku watu wakijaa na kuanza kupiga makofi, fundi mitambo anaongeza, na wapigaji nao wanaongeza. Ukipata hasi 12 mchana, usiku utagonga dari. Mchana weka hasi 18 au hata hasi 20.

Najua utasema sauti itakuwa ndogo. Iwe ndogo! Rekodi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, ya biti 24. Kila biti inakupa takriban desibeli 6 za nafasi kati ya sauti kubwa na ndogo, kwa hiyo biti 16 ni kama 96 na biti 24 ni kama 144, kwa hesabu ya kitabuni. Uwanja wenyewe una kelele nyingi kuliko mchakacho wa ndani wa kinasa chako. Ukirekodi chini kwa desibeli 12 hupotezi chochote cha kusikika, na ukifika nyumbani unaipandisha kwa sekunde chache. Ukirekodi juu ukapasua, hakuna wa kukusaidia, hata umlipe nani.

Angalia na hili. Kama umeshusha kiwango hadi karibu na mwisho kabisa na bado unasikia mpasuko, tatizo halipo kwenye kiwango. Maiki yenyewe imezidiwa, au tundu. Sogea mbali na spika, au badili maiki. Singeli ikianza hapo utaelewa ninachosema.

Kuna atakayekuja hapa chini aseme nunua kinasa cha biti 32 za kuelea (32-bit float), kinachobeba sauti ndogo na kubwa sana bila kukata vilele, hakuna haja ya kuweka kiwango. Ni kweli vinasamehe sana, na ukiwa na hela chukua. Lakini havisamehi maiki iliyopasuka kabla ya kufika ndani. Na atakayesema tumia simu, sawa, ila programu ya kurekodi inayokuja na simu mara nyingi ni auto tupu. Tafuta programu inayokuruhusu kushusha kiwango mwenyewe, na uhakikishe inashuka kweli.

Kwenye vinasa vingine swichi yenyewe ni ndogo na iko mahali usipopaangalia. Zoom H1 ile ya mwanzo, kwa mfano, imewekwa mgongoni, imeandikwa Auto Level. Inaweza kusukumwa ikiwa ndani ya begi. Iweke upande wa kuzima, kisha uibandike gundi ya karatasi.

Nikupe mengine haraka. Simama katikati, karibu na meza ya fundi mitambo, maana sauti anaipanga kwa masikio yake pale alipo. Ukikaa pembeni kuta zile za mawe zitakurudishia mwangwi. Ivishe maiki kifuniko cha manyoya, sponji peke yake haitoshi kwa kaskazi. WAV ya stereo ya biti 24 kwa 48 kHz inakula karibu gigabaiti moja kwa saa, piga hesabu ya kadi mwenyewe. Ruhusa omba kwa waandaaji na kwa kikundi, na usipandishe kitu mtandaoni bila ridhaa yao; Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya 2003 na COSOZA, wasimamizi wa hakimiliki huko, wapo.

Ninasisitiza hivi kwa sababu tamasha lile limekuwepo tangu 2004, na wengi waliopanda jukwaa lake hawapo tena. Bi Kidude alipanda pale mara nyingi, akatutoka Aprili 2013. Vikundi vidogo vya mitaani havina studio wala mkataba. Rekodi ya mtu aliyesimama kwenye umati inaweza kuwa ndiyo pekee itakayobaki, na huwezi kumwambia mzee wa miaka themanini arudie taksimu yake.

Kabla hujapanda boti, tafuta harusi yoyote yenye spika kubwa wikiendi hii. Omba wenyewe, simama katikati, auto imezimwa, rekodi dakika kumi. Sikiliza kwa hedifoni, siyo kwa spika ya simu. Halafu weka hapa kipande cha dakika moja, kile chenye besi nzito, na useme kiwango ulikiweka ngapi.