Ukienda miomboni kuhesabu ndege, usiogope ukimya

Asubuhi yangu ya kwanza ya kuhesabu ndege kwenye misitu ya miombo ya Sikonge, kusini mwa Tabora mjini, nilitembea dakika 40 nikaandika njiwa mmoja. Huyo mmoja mwenyewe nilimsikia tu. Nilikuwa nimejifunzia kazi kando ya Ziwa Manyara, ambako hata mgeni wa ndege anajaza ukurasa kabla ya chai. Nikakaa chini ya mti wa mtundu, nikafungua viazi vyangu, nikamwambia mzee mrina asali aliyekuwa ananiongoza: "Babu, huku hakuna ndege."

Akacheka. "Kula upesi, mjukuu wangu."

Kiazi cha pili sikukimaliza. Walitangulia ndege weusi kwa weupe wenye kishungi na macho ya njano, wanagonganisha midomo kama mtu anayevunja vijiti. Nyuma yao mlamba, gogota, chozi, umbu mwenye kichwa cheusi, na yule mdogo wa madoadoa anayepanda shina kwa kuling'ang'ania kama panya. Dakika tano, wamepita. Niliambulia aina 14, na zilizonipita ni zaidi, maana darubini ilikuwa kwenye begi.

Ndivyo miombo ilivyo. Ndege wengi wanaokula wadudu huzunguka pamoja, aina kwa aina, katika eneo kubwa, hasa kiangazi. Wewe unasimama dakika 10 mahali, husikii kitu, unahama. Mita 300 mbele kuna ndege 40 juu ya mti mmoja. Kwa hiyo simama mara nyingi, rudia njia ileile siku nyingine, na pale ulipopata sifuri andika sifuri. Wanaoanza wengi huona aibu, wanairuka. Ukiruka sifuri zako, hesabu yako itasema pori zima limejaa ndege kama lile kundi la mtundu, na huo ni uongo.

Kuhusu msimu, watu hupenda Julai na Agosti kwa sababu barabara ni kavu. Mimi nikiwa na nauli ya safari moja tu, naenda Oktoba. Miombo huchipua kabla mvua haijanyesha, majani mapya yakiwa mekundu kama shaba, viwavi wanaanza kujaa, na ndege wengi wanajenga viota na kuimba tangu alfajiri. Kuanzia Novemba utawakuta pia wageni kutoka Ulaya, keremkerem na chole wakiwemo, ila jiandae kusukuma gari.

Shati la bluu liache nyumbani. Langu lilikuwa jipya! Mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi, nami nikawa mtego unaotembea. Vaa kaki. Wale nyuki wadogo wasiouma wanaoingia machoni kufuata jasho, dawa yao ni kofia yenye chandarua. Mbung'o hawa hawa wamechangia pori kubaki bila watu wengi, wataalamu wakiwemo.

Warina asali ndio walimu wako. Wanamjua mlembe, ndege anayewaongoza watu kwenye nyuki, na wanajua aimbaye gizani ni nani hata kama jina wanalompa halimo kwenye kitabu chako. Usidharau maarifa hayo. Kule Niassa, Msumbiji, watafiti waliofanya kazi na Wayao walitoa matokeo mwaka 2016: mtu akitoa mlio wa jadi wa kumwita mlembe, uwezekano wa kuonyeshwa mzinga wa porini ulipanda kutoka asilimia 16 hadi 54. Warina asali walikuwa wanautumia zamani, bila asilimia. Andika jina la kienyeji pembeni, rekodi sauti kwa simu, utambuzi utafanya jioni.

Kumbukumbu zako zitume, kwa eBird, tovuti ya kumbukumbu za ndege, au kwa mradi wa atlasi ya ndege wa Tanzania. Wapenda ndege wanaofika magharibi wengi hukimbilia ardhioevu ya Malagarasi-Muyovosi kumtafuta korongo nyangumi, yule ndege mkubwa wa kinamasi. Miombo wanaiona kwa dirisha la gari. Hata yupo ndege mdogo wa nyasini ambaye kwa Kiingereza amepewa jina la Tabora, na Tabora kwenyewe sijakutana na mtu anayelijua. Kwa hiyo shore wako wa kawaida, mwenye tarehe na mahali, ana thamani huku kuliko flamingo wako wa elfu wa Manyara.

Mwaka jana nilirudi kwenye ule mtundu. Pana shamba la tumbaku, na bani la kukaushia tumbaku lenye kuni zimepangwa hadi usawa wa kifua. Nilisimama dakika zangu 10 palepale: shore wawili, mlamba mmoja. Pointi za namna hiyo, yaani mahali unaposimama kuhesabu, nazo usiziruke.