Kwa nini mkigombana tu anakimbilia baa
Dada uliyeuliza kwa nini mumeo kila mkizozana anatoka kwenda baa, mi nakwambia usikimbilie kusema ana mtu huko. Kuna watu tangu wadogo walizoea kwamba ukilia hakuna anayekuja, basi wakikua mambo yakichemka wanajifungia, na bia inawapa sababu ya kukaa kimya. Haya Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, aliyaanzia kwa watoto, halafu 1987 wanasaikolojia Hazan na Shaver wakayaleta kwenye mapenzi ya watu wazima. Sasa wewe kwa ulivyojieleza ni wale wa kuogopa kuachwa, unapiga simu, meseji juu ya meseji, na yeye kadiri unavyomfuata ndo anavyozidi kuagiza, anarudi usiku wa manane mnaanza upya, na pombe ikiwa kichwani mtu anadaka lile neno baya tu, samahani yako haisikii kabisa. Akilewa msiongee, ngoja asubuhi akiwa mzima. Ila kama anakupiga, hapo achana na mambo ya utotoni, nenda kwenu kwanza au dawati la jinsia pale polisi.