Dawa ya sukumawiki na viumbe wa tope la Sabaki

Swali: Ninalima sukumawiki kando ya mto hapa Ruiru. Mwanangu anasema dawa ninayopiga inaua viumbe wa baharini. Bahari iko wapi, nami niko wapi?

Jibu: Ni mbali, mzee, lakini maji ya Ruiru huishia Athi. Athi ukishapokea Mto Tsavo huitwa Galana, kisha Sabaki, na humwaga baharini kaskazini mwa Malindi. Dawa nyingi huharibiwa njiani na jua na bakteria wa udongo. Inayoweza kufika ni ile iliyoshikamana na udongo, na masika udongo wetu husafiri kwelikweli. Ndiyo maana bahari ya Malindi hugeuka kahawia.

Swali: Ni viumbe gani hao? (Mwalimu, Kasarani)

Jibu: Ni wale wa tope la pale Sabaki inapoingia baharini, na wengi hupenya chekecheke la tundu za milimita 1. Minyoo ya nematodi ndiyo mingi zaidi, halafu kopepodi, jamaa wa kamba, ambao ni chakula cha samaki wachanga.

Swali: Maji yakipimwa yakaonekana safi, si basi?

Jibu: Hapana, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Dawa za wadudu za jamii ya pairethroidi, kama saipamethrini, haziyeyuki vizuri majini. Hung'ang'ania chembe za udongo na majani yaliyooza. Maji ya mto yakikutana na ya chumvi, chembe hizo hugandana, mkondo hulegea, nazo hutua. Chupa ya maji itakuwa safi huku sumu imelala kwenye tope, na kopepodi wanakula humo humo.

Kopepodi na vidukari wa sukuma wana asili moja, hivyo dawa inayovuruga neva za huyu humvuruga na yule. Si lazima afe. Anaweza kuishi asizae, au watoto wake wasikomae. Nematodi kwa kawaida huvumilia zaidi. Ukikuta tope limejaa minyoo bila kopepodi, shuku jambo, ila usikimbilie kumlaumu mkulima: maji taka yanayomaliza oksijeni huacha picha hiyo hiyo, na sisi wa Nairobi hatuna haki ya kujifanya hatuyajui. Ili kutofautisha, wataalamu hupima kemikali zilizomo, kisha huweka vijikamba hai kwenye tope hilo, mara nyingi kwa siku 10, wahesabu waliobaki.

Swali: Dawa ya pareto ni ya mmea. Hiyo ni salama?

Jibu: Huharibika upesi juani. Pairethroidi za viwandani ziliigizwa kwayo, zikatengenezwa makusudi zidumu. Lakini hata ya pareto huua samaki na kamba, kwa hiyo isimwagwe mtoni.

Swali: Nifanye nini basi? (Mama mboga mwenye kishamba, Githurai)

Jibu: Mama, usioshe pampu mtoni. Ya kusuuzia inyunyizie shambani. Usipige dawa mvua ikinukia. Itaoshwa pamoja na hela yako. Acha ukanda wa nyasi kati ya mboga na mto, na nyasi hizo usimkatie ng'ombe.