Kwa nyinyi mnaoanza kushika kesi za dhuluma za nyumbani huku Kisumu na Nakuru

Hii naandikia nyinyi mnaoanza pupileji (yale mazoezi ya kazi chini ya wakili), maparalegali wapya, na wale wanafunzi wa sheria wa Kabarak na Egerton wanaokuja kwa kliniki za bure wakidhani kazi ni kusimama mbele ya hakimu na kumwaga Kizungu. Kusimama kupo, lakini kwa kesi za dhuluma za nyumbani ni sehemu ndogo sana. Hizi kesi mara nyingi hazishindwi kortini, zinafia njiani. Mama amekosa fea ya kutoka Muhoroni, shemeji amempigia simu ya vitisho, landilodi amefunga nyumba, P3, ile fomu ya polisi ya kuonyesha majeraha, imekaa kwa droo ya mtu hakuna anayejua ni nani, na siku ya kusikizwa jina linaitwa pale nje mara tatu hakuna wa kuitika. Prosekyuta anaomba tarehe ingine, hakimu anapeana, anapeana tena, halafu siku moja anakataa na mshtakiwa anaenda zake. Kwa hivyo hata kabla ujue ni kifungu gani kinasema nini, hakikisha huyu mtu bado yupo, bado anataka kesi, na ana njia ya kufika.

Anzia kwa simu. Kabla umpigie mteja mara ya kwanza muulize aliyemleta kama hiyo laini ni yake peke yake, nani mwingine anajua PIN, na ni saa ngapi yuko mbali na bwana. Wengi wanatumia simu moja nyumba nzima, ama laini ilisajiliwa na ID ya bwana, sasa wewe ukituma meseji ya "habari mama, hii ni ofisi ya wakili, kesi yako ni tarehe fulani" umemletea balaa usiku huohuo. Tunakubaliananga neno. Kuna mama mmoja muuza omena tulikuwa tukimpigia tunauliza kama ya leo imekauka, akisema imekauka basi tuongee, akisema bado ina maji tunakata na yeye anatutafuta baadaye kwa simu ya jirani. Inakaa mchezo wa watoto lakini tulifika nayo mpaka hukumu.

Fea nayo msiidharau. Ulizeni mapema nani atalipa, kama ofisi yenu ina bajeti ya mashahidi muiombe wiki moja kabla si asubuhi ya kesi, na kama bwana huwa anachungulia M-Pesa ya mama tuma pesa kwa mtu wa boda ama kondakta mwenyewe. Siku hizi mensheni nyingi, zile siku fupi za kutajwa kwa kesi, ni za mtandao, inasaidia, lakini pia muulize ataingia kwa linki akiwa wapi, juu kuna watu wanaingia kortini kwa simu wakiwa wameketi sebule ile ile na mtu waliyemshtaki, na hakimu anaona tu mtu amenyamaza.

Tukija kwa karatasi. Mtu akiwa amebakwa ama ameumizwa, hospitali kwanza, kituo baadaye. Wengi bado wanageuza hii, wanamzungusha mtu kituoni kutafuta namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, huku masaa yanaisha. Dawa za kuzuia HIV zinafaa kuanzwa ndani ya masaa 72, na za kuzuia mimba ndani ya masaa 120, na hazingoji polisi. Jaramogi hapa Kisumu na ile hospitali kuu ya kaunti Nakuru zina kitengo cha mambo haya, hospitali inajaza ile fomu ya PRC, ya matibabu baada ya ubakaji, hata kama hajaripoti popote, halafu P3 inafuata. P3 ni ya bure. Mkisikia mtu anaitisha pesa ndio aitoe, andikeni jina lake na saa. Ikishajazwa msiikunje tu mkaweka kwa mfuko, isomeni hapo hapo: majeraha yametajwa yote ama moja tu, umri wa majeraha umeandikwa, sahihi na muhuri vipo, na jina la daktari au klinikal ofisa linasomeka. Hilo jina ni muhimu kuliko mnavyodhani, maana huyo ndiye atakuja kutoa ushahidi na watu wa hospitali za kaunti wanahamishwa kila saa, akiwa ameenda Lodwar na hamna namba yake mtazunguka sana.

Nguo alizokuwa amevaa zisifuliwe, na zisiwekwe kwa plastiki, zinatoka jasho na kuoza. Bahasha ya kaki ama hata gazeti ni sawa. Mama wengi wanafua kwa sababu wanaona aibu, usimlaumu, endelea na kile kilichobaki.

Kituoni mtaelekezwa dawati la jinsia. Mahali pengine ni chumba kizuri na askari aliyefunzwa, mahali pengine ni meza kwa korido na watu wanapita wakichungulia. Mkipata la pili ombeni chumba, ombeni askari wa kike kama mama anataka, na kabla mtoke hakikisheni kwa OB imeandikwa ni nini kilifanyika, si "ugomvi wa nyumbani, wameshauriwa warudi wasikizane". Nimeona maneno kama hayo yakisomwa na loya wa upande ule mwaka mmoja baadaye, na yanauma.

Sasa oda ya ulinzi, ile amri ya korti ya kumzuia mtu asiendelee kumdhuru mwingine. Sheria yenyewe ni ya mwaka 2015, ile ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, na cha kushangaza kuna mawakili wa miaka mingi hawajawahi kuitumia hata siku moja. Loya mpya swali lake la kwanza huwa ni "mmeoana wapi, cheti kiko?" Haihitajiki. Come-we-stay ya mtaani Kaptembwo inaingia, mchumba anaingia, mliyeachana anaingia, mliyezaa naye tu anaingia, ndugu wa familia anaingia. Na dhuluma si kichapo peke yake: kunyimwa pesa kwa makusudi, kufungiwa nje, kufuatwafuatwa, kuharibiwa vitu, ubakaji ndani ya ndoa, kurithiwa kwa lazima, hata wakwe kuingilia, zote zimetajwa. Korti inaweza kutoa oda ya muda bila kumsikiza bwana kwanza kama hatari iko karibu. Sasa hatari iko karibu utaionyesha vipi? Kwa afidaviti, yaani maelezo yake ya kiapo, na hapa ndio nawaomba mpunguze mwendo.

Afidaviti nyingi zinazoletwa kwangu kusahihishwa zinasema "mjibu ombi amekuwa akinitendea ukatili wa kimwili na kihisia mara kwa mara". Hiyo haimwambii hakimu kitu, amesoma kama hiyo asubuhi yote. Keti na yeye, zima simu yako, muulize mara ya mwisho ilikuwaje. Hakumbuki tarehe, ni sawa, muulize shule zilikuwa zimefungwa? Ilikuwa kabla ya Krismasi ama baada? Mlikuwa mnakula nini? Itatoka polepole: ilikuwa Jumapili watoto wametoka kanisa, akauliza pesa ya chama iko wapi, akachukua mwiko wa ugali, akanipiga nao hapa kwa mkono mpaka ukavunjika, halafu akatufungia nje na huyu wa miezi minne tukalala kwa mama wa mlango wa tatu. Andika hivyo hivyo. Huyo mama wa mlango wa tatu ni shahidi, mwiko uliovunjika labda bado uko jikoni, na mkono una alama iliyo kwa P3. Kama anaongea Dholuo ama Kibukusu tafuteni mtu wa kutafsiri ambaye si wa familia ya bwana, na mama asomewe tena kwa lugha yake kabla aapie, juu akiulizwa maswali na karatasi iseme kitu kimoja na yeye kingine mdomoni amekwisha.

Na maombi yenu yawe ya maisha yake, si ya kunakili kutoka kwa faili ingine. Anataka bwana atoke kwa nyumba ama yeye ndiye anataka kutoka? Cherehani iko kule? ID yake nani anayo? Vyeti vya kuzaliwa vya watoto? Kibanda chake cha mboga kiko mita ngapi kutoka kwa stage ambapo bwana anaegesha boda? Iombe hiyo yote.

Lakini kabla mfaili chochote muulize atalala wapi siku bwana akipata hizo karatasi. Kuondoka ndio wakati mbaya zaidi. Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda, alikuwa ametoka kukimbia Olimpiki Paris, mtu wa jina na pesa zake, akachomwa kwa petroli na aliyekuwa mpenzi wake pale Trans Nzoia na akafia Eldoret Septemba 2024. Mjue shelta gani zinapokea watu na watoto wao (zingine hazichukui kijana mkubwa wa kiume, ulizeni mapema), mjue 1195 ni ya kupiga bure usiku, na ya watoto ni 116.

Hii ya kutoa kesi ndiyo itawachosha roho. Jumatatu mama amekuja jicho limevimba anataka bwana afungwe leo, Alhamisi anapiga anasema "wakili achana nayo tu, tumeongea". Usimgombeze, tafadhali, ameshagombezwa na kila mtu. Muite peke yake, umuulize ni nani walikuwa wameketi mkiongea, nani analipa nyumba sasa, na watoto wako na nani. Majibu yenyewe yatakuonyesha kama ameamua ama ameamuliwa. Kama ameamua, kwa kesi ya kupigwa sheria ya mwenendo wa jinai inampa nafasi ya kuomba korti kesi iondolewe, na hakimu anaweza hata kuhimiza mapatano kwa makosa yasiyo makubwa, hiyo ni haki yake hata kama wewe ulikuwa umeshaandika sabmishoni tamu. Mwachie mlango wazi. Wengi wanarudi, na wanarudi kwa yule ambaye hakuwafokea.

Unajisi wa mtoto ni stori tofauti kabisa na hapo msicheke na mtu. Wazee wataketi, chifu ataitwa, kutatajwa ng'ombe na kitu kidogo ya karo, na baba wa mtoto atakuja kwako anasema familia zimekubaliana. Hiyo si mali yao kukubaliana. Kwa Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 uamuzi wa kusimamisha kesi ni wa mwendesha mashtaka mkuu wa serikali, si wa mzazi wala mzee, na kifungo cha aliyenajisi mtoto wa miaka 11 kushuka ni maisha, wa 12 hadi 15 si chini ya miaka 20, wa 16 hadi 18 si chini ya 15. Familia ikikwambia hakuna shahidi mwingine waambie sheria ya ushahidi inaruhusu korti kumfunga mtu kwa neno la mtoto peke yake kama hakimu ameliamini na ameandika sababu. Kama mtoto anamwogopa mshtakiwa ama ni kiziwi ama ana ulemavu wa akili, mwambie prosekyuta mapema aombe awe shahidi wa kulindwa, apate pazia, mkalimani wa lugha ya ishara, ama mtu wa kumsaidia kuongea. Angalieni tu huyo msaidizi asiwe binamu wa mshtakiwa, imewahi kutokea.

Wajane huku Nyanza wataleta kesi zao kama za shamba na nyinyi mtazifungulia faili ya ardhi, lakini mkiuliza vizuri mnapata amepigwa, amefungiwa nyumba wiki ya mazishi, na kuna shemeji anaambiwa "amshike", yaani amrithi. Tumieni vyote viwili, oda ya ulinzi na urithi. Yeye kama mke ndiye wa kwanza kupewa nafasi ya kuomba kusimamia mali, na mtu anayeuza ng'ombe ama kukodisha shamba la marehemu bila kibali anavunja kifungu cha 45 cha sheria ya urithi, ni kosa la jinai. Tatizo ni ile barua ya chifu ya kutambulisha warithi wa marehemu, anaipata aje kama chifu ni wa ukoo wa bwana? Andikeni ombi rasmi, mkapeleke nyinyi, agonge muhuri wa kupokea, akinyamaza mnayo ya kuonyesha korti.

Kortini kwenyewe nina machache. Ukisimama kwa niaba ya manusura usijifanye prosekyuta wa pili. Sheria ya kulinda waathiriwa ya 2014 inampa sauti, na Korti ya Upeo mwaka 2020 kwa kesi ya Waswa, iliyotoka Bungoma, ilisema wakili wake si wa kuketi akitazama tu, lakini mashtaka yanabaki ya serikali. Kwa hivyo muone prosekyuta mapema, hasa kabla ya bondi, umwambie mama anaogopa nini ili masharti yaombwe: asimpigie, asifike nyumbani, asitume watu. Na loya wa upande ule akianza kuuliza alilala na nani kabla, simama, hiyo inahitaji ruhusa ya korti.

Oda ikitoka usisherehekee bado. Toa kopi kadhaa, moja ya mama aiweke mahali bwana hafiki, moja kwa bwana mwenyewe na hati ya kiapo ya aliyempelekea, moja kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi cha karibu na kwao, si cha karibu na korti, na uketi hapo mpaka wagonge muhuri na waiingize kwa OB, halafu umtumie mama hiyo namba ya OB kwa ile laini mliyokubaliana.